Mwongozo Kamili wa Kununua Singo za Roki za Miaka ya 1960 Zilizochapwa Japani: Kuitambua Chapa ya Awali Kabla ya Kulipa

Wengi wanaoanza kukusanya singo za Kijapani, yaani santuri ndogo za inchi 7 zenye wimbo mmoja kila upande, hukwama mahali pale pale. Wanalipa bei ya santuri ya mwaka 1964, na kifurushi kinapofunguliwa wanakuta santuri iliyotoka kiwandani mwaka 1977. Mara nyingi muuzaji hajadanganya kitu: ametaja mwaka wa wimbo, na hakuna aliyemuuliza mwaka wa santuri. Picha ya jalada ni ile ile, wimbo ni ule ule, na maandishi ya Kijapani yaliyozunguka picha humpa mgeni imani kwamba kila kitu ni cha kale.

Mwongozo huu umeandikwa ili kuziba tundu hilo. Hauhitaji ujue kusoma Kijapani. Unahitaji kuyatambua majina machache ya kampuni kwa umbo lake, kusoma herufi na namba za Kilatini zilizochapwa kwenye jalada, na kuwa na subira ya kuomba picha moja zaidi kabla ya kuweka dau.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta mashine ya kuchezea santuri yenye spidi mbili, yaani mizunguko 45 na 33⅓ kwa dakika, pamoja na sindano ambayo haijachakaa. Sindano iliyolika huchimba mifereji ya santuri, na uharibifu huo haurekebishiki.

Nunua adapta ya tundu kubwa. Singo za kawaida za Japani zina tundu pana katikati, na Wajapani wenyewe huziita ドーナツ盤, yaani santuri za donati. Bila adapta, santuri itayumba kwenye mashine na sauti itapanda na kushuka.

Uwe pia na taa ya mezani yenye shingo inayopinda, lenzi ya kukuzia maandishi, kitambaa laini cha mikrofaiba, maji yaliyokenekwa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vifuko vipya vya ndani vya karatasi na vya nje vya polipropilini vya ukubwa wa inchi 7, na daftari. Kwenye simu weka programu ya kutafsiri inayosoma maandishi kwa kamera. Tafsiri yake ya maelezo ya wauzaji huwa ya kuchekesha, lakini inatosha kukuonyesha neno la hatari lilipo.

Hatua ya 1: Punguza uwanja

Usianze na kila kitu. Chagua bendi moja au kampuni moja, kwa sababu alama za kutambulisha umri hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na anayejaribu kuzikariri zote kwa pamoja huzichanganya.

Ushauri wangu ni kuanza na Toshiba. Ndiyo iliyochapa The Beatles kwa lebo (yaani jina la biashara linaloandikwa kwenye santuri) ya Odeon, The Beach Boys kwa lebo ya Capitol, na The Ventures kwa lebo ya Liberty. The Ventures hasa ndio darasa zuri la mwanafunzi: magitaa yao yalipendwa mno Japani kuanzia ziara ya 1965, santuri zao ziliuzwa kwa wingi, na hadi leo nyingi hupatikana kwa bei ndogo. Ni afadhali kujifunza kwa santuri ya bei rahisi kuliko kwa ile iliyokugharimu mshahara wa wiki.

Singo za kawaida za The Beatles kwenye Odeon nazo si adimu kama inavyodhaniwa, kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi. Kinachopandisha bei ni hali nzuri ya santuri na jalada lake, na baadhi ya wauzaji hutegemea mnunuzi asilijue hilo.

Hatua ya 2: Soma jina la kampuni

Hii ndiyo hatua inayotupwa na wengi, na ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Majina ya lebo, kama Odeon au RCA, yalidumu kwa muda mrefu. Majina ya kampuni zilizochapa yalibadilika katika miaka inayojulikana, na jina la kampuni huchapwa kwa herufi ndogo chini ya jalada, mara nyingi upande wa nyuma, na pia ukingoni mwa lebo ya katikati ya santuri.

Kwa Toshiba, tafuta 東芝音楽工業. Hilo ndilo jina la kampuni tangu kuanzishwa kwake mwaka 1960 hadi 1973. Ukikuta 東芝EMI, santuri hiyo haikuchapwa kabla ya mwishoni mwa 1973, hata kama jalada lina picha ya vijana wanne wenye suti na nywele za mwaka 1964. Herufi tatu za EMI zimeandikwa kwa Kilatini, hivyo hakuna kisingizio cha kutoziona.

Kwa singo za Elvis Presley na The Monkees, kampuni ni Victor. Katika miaka ya 1960 jina ni 日本ビクター. Kuanzia 1972 linakuwa ビクター音楽産業, na kuanzia 1975 lebo ya RCA inahamia kampuni iitwayo RVC. Kwa hiyo singo ya Elvis yenye herufi RVC ni ya mwaka 1975 au baadaye, bila mjadala.

Lebo ya CBS ilikuwa chini ya Nippon Columbia (日本コロムビア) hadi 1968, mwaka ambao kampuni ya CBS/Sony iliundwa. Polydor ilichapwa na 日本グラモフォン hadi 1971, jina lilipobadilishwa kuwa Polydor. Philips ilikuwa kwa Victor kabla ya kuundwa kwa Nippon Phonogram (日本フォノグラム) mwaka 1970. Atlantic nayo ilihamia Warner-Pioneer mwanzoni mwa miaka ya 1970.

The Rolling Stones ndio wagumu. Singo zao za miaka ya 1960 zilitolewa kwa lebo ya London na kampuni ya King (キングレコード), ambayo jina lake halikubadilika, na lebo ya London ilibaki kwake miaka mingi baadaye. Kwao utategemea bei na namba, kama inavyoelezwa katika hatua inayofuata.

Utajua umefaulu hatua hii utakapoweza kutazama picha ya nyuma ya jalada na kusema ndani ya sekunde chache kama ni ya kabla au ya baada ya mabadiliko ya jina, bila kuisoma tafsiri.

Hatua ya 3: Linganisha namba na bei

Namba ya santuri huanza kwa herufi za Kilatini. Za Odeon huanza na OR, za Capitol mara nyingi CR, za Liberty LR, za RCA kwa Victor SS, za London kwa King HIT na baadaye TOP, za CBS kwa Columbia LL na kwa CBS/Sony SONG, za Polydor DP, na za Philips SFL.

Kwa The Beatles mtiririko ni rahisi kuufuata. Chapa za awali ni OR, na lebo ni Odeon. Baada ya lebo ya Apple kuanzishwa mwaka 1968, nyimbo mpya zilitoka kwa herufi AR, na singo za zamani zikarudiwa kwa herufi hizo hizo huku tarakimu zikibaki zile zile. Ndiyo maana wimbo wa "I Want to Hold Your Hand" unapatikana kama OR-1041 na pia kama AR-1041. Mnunuzi anayetazama tarakimu pekee huanguka hapo. Namba zinazoanza na EAR ni za marudio ya baadaye zaidi, miaka ya 1970.

Kisha tazama bei. Wachapaji wa Japani waliichapa kwenye jalada lenyewe, ikiwa na alama ya ¥, na huu ni msaada mkubwa ambao mkusanyaji wa santuri za Uingereza au Marekani mara nyingi hana. Singo ya kawaida ya nyimbo mbili ya katikati ya miaka ya 1960 iliuzwa yen 330. Kuelekea mwisho wa muongo ilipanda hadi 370, kisha 400. Bei ya 500 ni ya miaka ya 1970, na 600 au 700 ni ya baadaye zaidi. Jalada moja lenye namba ile ile laweza kupatikana likiwa na bei mbili au tatu tofauti, na lile lenye bei ndogo ndilo la mapema.

Lakini tahadhari. Kanuni hii ni ya singo za nyimbo mbili. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Wajapani walipenda pia santuri za inchi 7 zenye nyimbo nne, za mizunguko 33⅓ na tundu dogo, na hizo ziliuzwa kwa bei kubwa zaidi, yen 500 kwa mfano. Ukimkataa muuzaji kwa kuwa jalada lina ¥500 bila kuhesabu nyimbo, utakuwa umeikimbia santuri halali.

Ukikutana na mwaka wa Kijapani wenye tarakimu mbili katika maelezo ya muuzaji, mara nyingi ni mwaka wa Showa (昭和), enzi ya kifalme ambayo Wajapani walihesabia miaka. Ongeza 1925 upate wetu. 昭和39 ni 1964, na 昭和41 ni 1966, mwaka ambao The Beatles walipiga katika ukumbi wa Nippon Budokan.

Hatua ya 4: Usilewe na rangi nyekundu

Toshiba ilichapa santuri nyingi kwa plastiki nyekundu iliyoitwa Ever Clean, iliyotiwa dawa ya kupunguza umeme tuli unaovuta vumbi. Zinapendeza, na wauzaji wanalijua hilo. Neno la kuzitafutia ni 赤盤.

Nyekundu ina faida yake kama ushahidi, lakini ni ushahidi wa upande mmoja. Kwa kuwa utengenezaji wake ulikoma miaka ya 1970, santuri nyekundu haiwezi kuwa ya marudio ya mwisho wa muongo huo. Hata hivyo singo ya mwaka 1964 iliyorudiwa kwa lebo ya Apple mwaka 1971 inaweza kuwa nyekundu vilevile. Kwa upande mwingine, chapa za awali zenye rangi nyeusi zipo, na hazina kasoro.

Ikilazwa mezani, santuri nyekundu huonekana karibu nyeusi. Iinue mbele ya balbu: mwanga unapenya, na rangi yake inakuwa kama maji ya rozela kwenye glasi. Ikiwa muuzaji anadai ni nyekundu na picha haionyeshi, mwombe apige picha moja kuelekea mwanga.

Hatua ya 5: Tafuta kwa maneno ya wauzaji wenyewe

Ukitafuta kwa Kiingereza utazipata bidhaa zilizowekwa kwa ajili ya wageni, kwa bei za wageni. Nakili majina ya Kijapani: ビートルズ kwa The Beatles, ベンチャーズ kwa The Ventures, プレスリー kwa Presley, ローリング・ストーンズ kwa The Rolling Stones. Ongeza シングル au EP. Wauzaji wengi wa Japani huita santuri yoyote ya inchi 7 kwa jina la EP, hata ikiwa na nyimbo mbili tu.

Maneno yafuatayo yaandike kwenye daftari, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama utanunua au utapita. 再発 ni chapa ya marudio. 当時物 ni madai kwamba kitu ni cha enzi ile. 見本盤 ni santuri ya sampuli iliyopelekwa redioni na kwa waandishi, kwa kawaida ikiwa na lebo nyeupe na neno 非売品, yaani haiuzwi. Hizi ndizo adimu kweli. 書き込み ni maandishi ya kalamu, mara nyingi jina la mwenye santuri wa kwanza. シミ ni madoa, 反り ni kupinda, na 針飛び ni sindano kuruka. ジャンク humaanisha inauzwa kama kitu kibovu. ノークレーム・ノーリターン maana yake hakuna malalamiko wala kurudisha.

Mahali pa kutafuta ni masoko ya mtandaoni ya Yahoo! Auctions ya Japani na Mercari ya Japani, ambako aliye nje hununua kupitia mawakala kama Buyee au ZenMarket, na pia Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuza santuri, ambako wauzaji wengi wa Japani hutuma moja kwa moja. Discogs ina faida ya ziada: picha za matoleo tofauti ya singo moja zimewekwa pamoja, hivyo unaweza kulinganisha jalada unalouziwa na lile la awali. Anayebahatika kufika Tokyo asiache kupita maduka ya Disk Union yaliyoko Shinjuku na Ochanomizu.

Hatua ya 6: Dai picha nne kabla ya kuweka dau

Picha hizo ni jalada mbele, jalada nyuma likionyesha maandishi ya chini kabisa, lebo ya upande A, na lebo ya upande B. Picha ya mbele peke yake haithibitishi chochote.

Sababu ya kudai lebo ni kwamba jalada na santuri hutenganishwa. Jalada safi la mwaka 1965 huwekewa santuri ya mwaka 1975, ama kwa makusudi au kwa sababu mtu alichanganya makasha mawili nyumbani. Jina la kampuni kwenye lebo, namba na herufi zake lazima zikubaliane na zile za jalada. Zisipokubaliana, umeuziwa nusu mbili za vitu viwili.

Jalada la singo ya Kijapani mara nyingi si mfuko. Ni karatasi nyembamba, yenye picha mbele na maneno ya wimbo nyuma, iliyotiwa pamoja na santuri ndani ya mfuko wa plastiki. Hupotea kirahisi, na ikipotea thamani kubwa ya singo imekwenda nayo. Ukiona tangazo lenye mfuko wa kampuni tu, wenye tundu katikati, usilipe kana kwamba umekamilika.

Kwa santuri za tundu dogo, tazama pembeni mwa tundu. Mistari myembamba iliyotapakaa kama sharubu, na Wajapani huiita ヒゲ, yaani ndevu, ni alama ya mtu aliyekuwa akipapasa kutafuta ncha ya mashine. Mistari mingi maana yake imechezwa mara nyingi, hata kama muuzaji ameandika kwamba ni safi.

Hatua ya 7: Lipa na safirisha kwa akili

Singo moja ina uzito wa gramu 40 hivi, kwa hiyo gharama ya kusafirisha moja na ya kusafirisha kadhaa hazipishani kwa uwiano wa idadi. Acha wakala akuhifadhie mpaka ziwe angalau tano au sita, kisha atume kifurushi kimoja. Angalia muda wa kuhifadhi bure, maana ukipita utatozwa.

Omba kila santuri iwekwe kati ya makadibodi mawili magumu, na chagua usafiri wenye namba ya kufuatilia, kama EMS ya posta ya Japani.

Kwa anayepokelea Afrika Mashariki, piga hesabu ya kodi kabla, si bandarini wala posta. VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, na hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli na ushuru wa forodha. Usimwombe muuzaji aandike kwamba ni zawadi au apunguze thamani. Kifurushi kikipotea, fidia hulipwa kwa thamani iliyoandikwa.

Hatua ya 8: Pokea, kagua, osha

Piga picha kifurushi kabla ya kukifungua na wakati wa kukifungua, kwa sababu bila picha hizo dai lolote la uharibifu huwa dhaifu.

Weka santuri chini ya taa ya pembeni na uizungushe taratibu. Mikwaruzo inayoikata mifereji hutoa mlio wa taka, taka; ile ya kina inayofuata mzunguko wa mifereji inaweza kufanya sindano iruke. Pitisha ukucha bila kukandamiza: ukinasa, mkwaruzo ni wa kina. Kisha soma namba iliyokwaruzwa kwenye sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo, uinakili daftarini pamoja na namba ya jalada, bei iliyochapwa, jina la kampuni na rangi ya plastiki.

Usicheze kabla ya kuosha. Vumbi la miaka sitini likikandamizwa na sindano huwa msasa. Tia tone moja la sabuni katika nusu lita ya maji yaliyokenekwa, lowesha kitambaa, ukamue, kisha futa kwa kufuata mzunguko, kamwe si kwa kukata mifereji. Suuza kwa kitambaa kingine chenye maji matupu. Lebo isiloe, kwa sababu karatasi ya enzi hizo hufifia na kubanduka. Simamisha santuri ikauke kivulini. Maji ya bomba huacha chumvi kwenye mifereji, na jua hupinda plastiki kwa muda mfupi mno.

Ukiona ung'avu unaolingana kutoka ukingoni hadi kwenye lebo, na mlio wa kukatika ukapungua katika mara ya kwanza ya kucheza, kazi imefanyika. Mlio ukibaki pale pale kwa kila mzunguko, hilo ni jeraha, na kuosha tena na tena hakutasaidia.

Hatua ya 9: Tupa mfuko wa zamani

Wapenzi wa vitu vya kale hutaka kuhifadhi kila kitu kilivyokuja, na hapa ndipo wanapojiumiza. Mfuko wa plastiki wa miaka ya 1960 hutoa mafuta kadiri unavyozeeka, hung'ang'ania jalada, na huacha ukungu mweupe kwenye santuri ambao wakati mwingine hautoki. Utoe polepole, na ukikuta umenata usivute. Anza kuutenganisha kwenye pembe. Kisha weka santuri kwenye karatasi mpya ya ndani, jalada nyuma ya karatasi hiyo ili lisiiguse santuri, na vyote viwili ndani ya polipropilini.

Zisimamishe wima, zisibanwe wala zisilale, mbali na dirisha na ukuta unaopata jua la jioni. Kwa wanaoishi pwani, Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, adui ni unyevu: karatasi za Kijapani huota madoa ya kahawia, na kuvu hupenda gundi. Weka vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu ndani ya kasha, uvibadilishe masika yanapoanza, na kila ufunguapo kasha toa majalada mawili matatu uyanuse kabla ya kuyatazama, maana harufu ya kuvu hutangulia madoa.